Siku Zilizobaki Katika Mstari wa Amri

Wiki ya pili baada ya kumzika baba, niliketi chumbani kwetu Mishomoroni nikashughulika na mstari mmoja wa kompyuta tangu chai ya asubuhi hadi adhana ya alasiri. Wageni walikuwa wameshaondoka, masufuria ya watu yamesharudishwa, na viti vya kukodi vimeacha mashimo madogo kwenye mchanga wa ua. Mama alikuwa chumba cha ndani, amevaa nyeupe, ameanza eda ya mjane, hatoki nyumbani. Mimi nilikuwa nimepata ruhusa ya kufanyia kazi nyumbani ili asikae peke yake. Ndiyo sababu niliyowapa ofisini, na ilikuwa kweli, ila pia sikuwa na hamu ya kuona uso wa mtu.

Kwa asiyeijua kazi yangu: mimi hutunza seva za kampuni moja ya makontena kule Changamwe. Seva ni kompyuta isiyo na mtu mbele yake. Unaiamuru kutoka mbali, kwa kuandika. Unafungua dirisha jeusi, na humo unakuta mstari mfupi unaokungoja, mara nyingi alama ya dola tu na kijiti kinachopepesa. Unaandika amri, unabonyeza, kazi inafanyika, mstari unarudi kukungoja tena. Kutwa yangu ndiyo hiyo.

Mstari huo unaweza kuufundisha useme mengi zaidi ya dola. Kuna faili lililofichwa, jina lake linaanza na nukta, na humo ndani unauandikia unachotaka ukuonyeshe. Mkwaju wa kinyume, ule mstari ulioinamia kushoto, na herufi u unaleta jina lako. Ukiweka h unaleta jina la mashine uliyomo. Ukiweka w unaleta folda uliyosimama. Mimi nilikuwa na seva tatu zinazofanana kama mayai, na mkubwa wangu alikuwa ameomba kila mmoja wetu aziwekee alama, asije mtu akafanya la huku kule. Ilikuwa kazi ya nusu saa. Niliifanya siku nzima kwa sababu nilipokuwa nikiifanya sikuhitajika kuwa mtu.

Sikulia baba alipokufa. Watu walisema nimejikaza kiume, wakanisifu. Sikuwa nimejikaza, hapakuwa na kitu cha kukaza. Moyo ulikuwa umekufa ganzi, kama mguu ulioukalia vibaya kwenye jamvi, unaugusa na unajua ni wako lakini hauna habari nawe. Nilibeba jeneza, nikatia udongo, nikapokea mikono ya watu, nikala pilau. Pilau ilikuwa na chumvi kidogo. Hilo nalikumbuka vizuri kuliko uso wa baba ndani ya sanda, na sioni fahari kulisema.

Basi nikaweka rangi. Kijani amri ikifaulu, nyekundu ikishindwa. Rangi zilinisumbua, maana nilisahau kuzifungia alama zake ndani ya mabano yanayostahili, na nikiandika amri ndefu maneno yanafika ukingoni, na badala ya kushuka chini yanarudi mwanzo na kujiandika juu ya yaliyotangulia. Nikalitafuta kosa, nikalipata, nikafurahi kidogo. Nikaongeza saa. Nikaongeza nafasi iliyobaki kwenye diski. Halafu mama akaita kutoka ndani.

“Mwanangu!”

“Naam, mama.”

“Leo siku ya ngapi? Hizi kokwa zimenichanganya.”

Alikuwa na bakuli la kokwa za tende, anatoa moja kila asubuhi, lakini wajukuu wa jirani walikuwa wameingia kumwamkia na kuzichezea. Nikamwambia ni ya kumi na tatu. Nikarudi kwenye mstari wangu, na mkono ukaendelea kufanya kazi wenyewe. Eda ni miezi minne na siku kumi. Thelathini mara nne, na kumi juu yake: mia na thelathini. Nikaandika tarehe aliyofariki baba, nikaagiza mashine itoe siku zilizopita, na kila mstari unaporudi kuningoja ukaja na neno jipya pembeni: eda 117.

Nilikwenda kumwonyesha mama, laptopu mkononi. Akavaa miwani, akautazama mstari ule wa rangi kama anayetazama kitambaa dukani.

“Yajihisabu yenyewe?”

“Yenyewe. Kila siku inapunguza moja.”

“Hata ukisahau?”

“Hata nikifa,” nikasema, na papo hapo nikaona si maneno ya kumwambia mjane. Mama hakujali. Alichukua lile bakuli akamwaga kokwa zote dirishani.

Mwenzangu mmoja wa ofisini, mtu wa bara, aliuona mstari ule siku tuliyokuwa tukitazama skrini moja kwa mtandao. “Buda, hiyo kitu yako imeiva!” akasema. “Nitumie na mimi. Na hiyo eda ni nini?” Nikamwambia ni siku zilizobaki kabla ya neno la siri la seva kuisha muda wake. Aliniamini. Akataka na yake iwekwe. Nikamwekea, yenye tarehe ya neno la siri kweli, maana kusema uongo ni kazi na kuutunza ni kazi nyingine.

Maulidi ya mtaani yalisomwa siku moja kabla ya nilivyodhani. Nilimsikia jirani akieleza barabarani kwamba mwezi umeandama kwa siku ishirini na tisa, haukutimiza thelathini. Nilisikia kama unavyosikia bei ya kitu usichonunua. Nyumba yetu ilikuwa na kabati zima la vitabu vya baba, na kalenda ya msikiti imetundikwa sebuleni, na mimi mwenyewe nimelelewa na mtu aliyefundisha madrasa umri wake wote, kuanzia Mtopanga hadi huku kwetu. Penye miti hapana wajenzi.

Siku zilizobaki zilipofika sabini hivi, dada yake mama alipatwa na kiharusi. Kwangu ni mama mkubwa. Alikaa Mkomani na binti yake. Walikuwa wawili tu waliobaki katika tumbo lao, na mama alilelewa naye zaidi kuliko alivyolelewa na mama yao. Upande mmoja ulikufa, na ulimi ukafungwa. Hakuweza kupandishwa gari, na mama hakuweza kutoka. Binti yake alikuwa akipiga simu na kuiweka sikioni mwa mama yake. Mama huku kwetu anazungumza, anamwamkia, anamweleza amepika nini, kisha ananyamaza na kusikiliza pumzi. Pumzi ndiyo jibu. Baada ya dakika chache husema, “Haya dada, lala,” na kunirudishia simu bila kunitazama.

Kutoka kwetu hadi Mkomani si safari. Tuktuk haimalizi robo saa. Mwalimu mmoja aliyefundisha pamoja na baba, ambaye baada ya msiba alikuwa akija kila Ijumaa kutujulia hali, alimwambia mama kutoka nyuma ya pazia kwamba ikiwa ni dharura anaweza kwenda mchana na kurudi kabla ya jua kutua, na wanazuoni wamelisema hilo. Mama alimshukuru sana. Alipoondoka akaniambia, “Mamangu alikaa, bibi yangu alikaa. Eda haikaliwi nusu. Na siku zenyewe zina mwisho. Wewe si wanihisabia?”

Tangu hapo akawa ananiuliza kila asubuhi kabla hajala kitu. “Ngapi zimesalia?” Nafungua dirisha jeusi, natazama, najibu. Sitini na mbili. Arubaini na tisa. Wakati mwingine nilimjibu nikiwa bado na mswaki kinywani. Sikuhesabu, nilisoma. Na yeye akawa anaipokea ile namba na kuirudia kwa sauti ndogo, kama dawa aliyoandikiwa. Ilikuwa ndiyo mazungumzo yetu marefu zaidi ya siku.

Zilipobaki tano, binti yake mama mkubwa alisema mgonjwa hali tena ila uji wa vijiko. Mama alinituma nazi sokoni. Akakuna, akakamua, akachemsha mwenyewe mafuta ya kumkanda dada yake miguu, mafuta safi, akayatia kwenye chupa na kuifunga kwa kitambaa. Zilipobaki tatu, aliomba nimtolee buibui lake sandukuni nilianike lipate hewa. Zilipobaki mbili, alinipangia: siku eda ikimalizika ataoga, atasali, na kabla jua halijawa kali tutakuwa tumeshafika.

“Mbili kweli?” akaniuliza siku hiyo.

“Mbili, mama.”

“Umetazama vizuri?”

Nikamgeuzia skrini aone mwenyewe. Ilikuwa ya kijani.

Kesho yake, alfajiri, simu ililia. Mama mkubwa alikuwa amekata roho kabla ya adhana. Nilikwenda kumwambia mama. Alikuwa kwenye msala. Akasema “Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun,” akaendelea kukaa vilevile, mikono juu ya mapaja. Nikasimama mlangoni nikingoja kuhisi kitu. Niliona chupa ya mafuta karibu na kitanda. Nikafikiri, nani atayatumia sasa.

Saa mbili asubuhi yule mwalimu rafiki yake baba alifika kwa gari la mtu, yuko njiani kwenda Mkomani. Nilimkuta barazani, nikamwamkia, akanipa pole, akasema jeneza litatoka baada ya adhuhuri na gari lina nafasi.

“Mwambie mama yako avae, twende naye akamwone dada yake.”

“Mama hawezi, mwalimu. Imebaki siku moja.”

“Siku moja ya nini?”

“Ya eda.”

Akanitazama. Hakuwa mtu wa kukemea. Akainua vidole vyake, polepole, kama anayefundisha watoto wa darasa la chini. “Baba yako alifariki jioni ile mwezi wa mfungo tano ulipoandama. Walioenda kuutazama walirudi wakakuta kilio, mimi nikiwa mmoja wao. Mfungo tano, sita, saba, nane. Miezi minne hiyo. Mitatu katika hiyo imeandama kwa ishirini na tisa. Leo ni siku ya kumi na mbili ya mfungo tisa. Siku kumi zimekwisha juzi kwa magharibi.” Akashusha mkono. “Wewe ulihesabu vipi?”

Nilikuwa nimehesabu kama mshahara, thelathini thelathini. Najua tangu nikiwa na miaka saba kwamba ibada zetu zinakwenda kwa mwezi wa mbinguni. Ningeulizwa darasani ningejibu kabla ya wenzangu. Lakini mkono ulipoandika siku ile sikuwa mtoto wa baba yangu, nilikuwa mtu wa ofisi ya Changamwe, na mashine ikanitii. Mashine haikukosea hata siku moja. Ilitoa moja kila siku kutoka katika namba niliyoipa mimi.

Jana, basi. Jana nzima ilikuwa halali yake. Tangu alfajiri hadi usiku alikuwa huru kwenda, na dada yake alikuwa hai, na tuktuk zilikuwa zikipita nje ya mlango wetu moja baada ya nyingine. Na aliniuliza, na akaniuliza tena kama nimetazama vizuri.

Nilimwomba mwalimu asubiri. Nikaingia ndani, nikaketi sakafuni mbele ya mama, nikamwambia yote. Sikuongeza wala sikupunguza. Nilisema kwa sauti ileile ninayowaelezea kwayo watu wa ofisini kwa nini seva imelala. Nilipomaliza nikasema, “Kwa hiyo waweza kutoka, mama. Gari lipo nje. Utamwona kabla hajakafiniwa.”

Nilidhani atalia, au atanitukana, na ningeshukuru kwa lolote kati ya hayo. Aliniuliza, “Nani mwengine ajua?”

“Mwalimu peke yake.”

“Mwambie anyamaze.”

“Mama, vaa twende.”

“Mimi sitoki.” Alivua miwani akaifuta kwa pindo la leso. “Nikitoka leo wataniuliza jana nilikuwa wapi. Watu wote wa Mkomani wajua nilikuwa nangoja eda tu ili niende kwa dadangu. Nitawajibu nini? Kwamba mwana wa mwalimu hajui mwezi una siku ngapi? Babako amefundisha watoto wa watu hadi sauti ikamkauka. Na wewe wataka kuoa karibuni, watakutaja kwa hili hadi wajukuu zako.”

“Na waseme.”

“Wewe wasema na waseme kwa kuwa huna uchungu. Mimi nakuona, mwanangu. Tangu babako aende huna uchungu wa kitu.” Akasema bila ukali, kama anayetaja homa. “Nimekaa kwa hisabu yako, nitatoka kwa hisabu yako. Kesho. Nenda ukamzike dadangu.”

Palikuwa na nafasi ya kusema neno hapo. Ningeweza kumshika mkono nikamwinua. Ningeweza kupiga kelele kwamba mimi ndiye mjinga na nijulikane mjinga, mtaa mzima, kuliko yeye kukosa kumwona dada yake mara ya mwisho. Nililiona neno lile waziwazi, na nikaona pia kwamba alichokuwa akinipa kinanifaa. Nikanyanyuka. Nikavaa kanzu. Barazani nilimwambia mwalimu kwamba mama hatakwenda na anaomba asitiriwe. Alinielewa mara moja. Alitazama viatu vyake, akasema, “Mungu ni msitiri,” akafungua mlango wa gari.

Mkomani walikuwa wamejaa. Kila mtu aliyenipa mkono aliniuliza hali ya mama, na kila mmoja nikamwambia yuko eda, imebaki siku moja. Mara ya kwanza ulimi ulikuwa mzito. Kufikia mara ya kumi ulikuwa mwepesi. Mzee mmoja aliwageukia waliokuwa karibu naye akasema, “Sikieni wenyewe. Dadake wa tumbo moja, na hakuivunja hata kwa siku moja. Hao ndio wanawake waliolelewa.” Wengine wakasema mashallah. Na mimi nikasema mashallah.

Tuliporudi kutoka makaburini nilikwenda uani kumpa pole binti yake mama mkubwa. Alikuwa amekaa kwenye kibao, macho yamevimba, anapepea jiko la mkaa lisilowaka. Aliniambia nikae. Akanieleza kuhusu jana.

“Tangu mwezi huu uandame alikuwa akihesabu,” akasema. “Mkono ule mzima. Kila asubuhi akinionyesha vidole, kimoja, viwili, hadi vitano, kisha akaanza upya. Sikujua hesabu ya nini. Juzi akamaliza vitano vya pili. Jana asubuhi akakataa kulala. Akawa anavuta nguo, tukajua ataka kubadilishwa. Tukamvika leso mpya, tukamweka mito mgongoni, akatuonyesha tumgeuze atazame mlango. Alikaa hivyo kutwa. Kila hodi ikipigwa anainua shingo. Magharibi ndipo alipokubali kulazwa.” Akaacha kupepea. “Alikuwa amekosea hesabu masikini, maana nyinyi mwasema ni kesho.”

“Ndiyo,” nikasema. “Ni kesho.”

Nilirudi Mishomoroni kwa miguu. Ni mwendo mrefu kwa mguu na jua lilikuwa bado kali, lakini sikutaka kufika. Njiani kitu kikaanza kuniuma chini ya mbavu. Kwanza nilidhani ni njaa. Haikuwa njaa. Ganzi ikitoka mguuni, mguu huuma kuliko ulivyokuwa umelala, na mimi nilisimama kwenye ukuta wa nyumba ya watu nikashika kifua, na mama mmoja muuza mahamri akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana.

Mama alikuwa bado palepale kwenye msala. Akaniuliza waliosali walikuwa wengi. Nikamwambia wengi. Akaniuliza kaburi liko karibu na la nani. Nikamwambia. Kisha akaniuliza lile alilokuwa amelingoja siku nzima, na aliuliza akitazama ukuta.

“Jana, alikuwa akinitazamia?”

“Hapana, mama,” nikasema. “Alikuwa usingizini tangu juzi. Hakumjua mtu.”

“Alhamdulillahi,” akasema mama. Akashusha pumzi, mabega yakalegea, na kwa mara ya kwanza siku ile akalia, akiwa na furaha kwamba dada yake hakumngoja. Nilimshika. Nami nikalia, kwa sauti, kama mtoto, na yeye akanipigapiga mgongo akidhani namlilia baba.